Jordan 1 ya Macho, Air Force 1 ya Mguu

Machi 8, 1998, Michael Jordan aliingia uwanja wa Madison Square Garden, New York, na Air Jordan 1 za mwaka 1985, toleo lake la kwanza kabisa. Alifunga pointi 42. Alipovua, soksi zina damu. Mashabiki husimulia ushujaa wake, lakini anayepima viatu atauliza: soli ile ilitengenezwaje?

Peter Moore aliiunda Jordan 1 ikae chini, karibu na sakafu, kwa kuwa mchezaji mwenyewe alitaka kuusikia uwanja miguuni. Mfuko wa hewa upo kisiginoni tu, umefichwa ndani ya soli, na huku mbele unakanyagia tabaka jembamba. Uzuri wake uko juu: vipande vya ngozi vilivyoshonwa kwa kupishana, kila kimoja na rangi yake, nyekundu ikigongana na nyeusi. Ukiigeuza rangi, kiatu kinakuwa kingine. Kwa mtoko, sioni raba ya kikapu inayoipiku. Kwa kusimama dukani kutwa nzima, nyayo zitakulalamikia.

Air Force 1 ya Bruce Kilgore ilitangulia, mwaka 1982, nayo ndiyo raba ya kwanza ya kikapu ya Nike kuwekewa hewa. Soli yake ni pana na nene, ndiyo maana inaonekana bonge, na nzito ni nzito kweli. Pindua uone chini: kuna miduara iliyochorwa pale mguu unapokunjika, ili mchezaji azunguke kwa mguu mmoja bila kukwama. Ukiwa kwenye mitumba, anza na miduara hiyo. Ikiwa imelika mpaka laini, kiatu kimetembea sana, hata kama ngozi imepigwa rangi ikang'aa.

Raba zote mbili zina soli ya mpira iliyofinyangwa kama bakuli, kisha ikashonwa kuzunguka. Uzi unauona ubavuni. Uzi ukikatika, fundi viatu anapitisha sindano mle mle. Chuck Taylor za Converse ni habari nyingine: turubai na mpira vilivyoshikanishwa kwa joto, soli bapa. Nyepesi, zinapitisha hewa, ila hazina mto wa maana.

Tahadhari iwe kwa Jordan 3 ya 1988 na zilizofuatia. Sponji yake ni ya poliyurethani, ambayo unyevunyevu na joto huivunjavunja taratibu hata kiatu kikiwa kimelala ndani ya boksi. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja asidanganywe na maneno "haijavaliwa". Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikitoa ufa au unga, rudisha kiatu mezani, bei iwe yoyote.