Daka na Taa: Nuru ya Ndani katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aghalabu husomwa kama maombolezo ya mji. Msomaji huelekezwa kwenye magofu, kwenye majumba yaliyohamiwa na popo, na kwenye wakuu waliozoea anasa na sasa wamebanwa na ufinyu wa kaburi. Kisha hutajwa vita vya Shela vya 1812-1813 na kudhoofika kwa dola ya Pate, na shauri huonekana limekwisha. Usomaji huo una ukweli wake, ila unaacha kando jambo linalodaiwa na jina lenyewe la utungo. Inkishafi ni kufunuka, na katika lugha ya masufi kifunukacho ni pazia lililo baina ya moyo na nuru ya Mwenyezi Mungu. Anayeanzia hapo ana haki ya kuuliza: katika beti hizi nuru iko wapi?

Imetapakaa kote, na karibu kote ni nuru isiyomfaa mtu. Mapema kabisa mshairi anatangaza kwamba nia yake ni kuondoa kiza cha ujinga ili nuru ipate kushinda. Lakini akishaugeukia moyo na kuanza kuukemea, mianga anayouonyesha yote ni ya hadaa. Kwanza ni vumbi lielealo katika mwali wa jua la asubuhi: hung'aa, na mwenye kulifumbata hufumbua mkono mtupu. Pili ni mazigazi ya adhuhuri, ambayo mwenye kiu huyakimbilia asipate ila joto la jua. Tatu ni taa iliyowekwa penye upepo, ambayo hakuna awezaye kuizuia isizimike. Tashbihi hizi zimezoea kusifiwa moja moja, kama vito vilivyotawanyika. Haijaangaliwa vya kutosha kwamba zote tatu zinahusu mwanga, na kwamba kwa kila moja kosa ni la jicho linalodhani kuwa kinachong'aa ndicho kilichopo.

Mpango huu una asili yake. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 35 inaifananisha nuru ya Mungu na shubaka, yaani kidaka cha ukutani kisichotoboka upande wa pili, ambamo mna taa, na taa imo ndani ya kioo. Aya ya 39 inafananisha amali za makafiri na mazigazi jangwani, na ya 40 na viza vya bahari yenye kina. Mshairi naye, palepale anapotaja mazigazi, anaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka. Ameuchukua upande wa pili wa sura hiyo, ule wa kiza, akautandaza wazi. Upande wa kwanza hautangazi. Hata hivyo, taa ya penye upepo haieleweki barabara ila kwa kuilinganisha na taa ya shubakani, ambayo ukuta na kioo vinaikinga.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima juu ya aya hiyo, Mishkat al-Anwar. Humo anadai kwamba jina la nuru kwa hakika ni la Mungu peke yake, na kila kingine huitwa nuru kwa kuazima tu. Kisha anaeleza kwamba shubaka ni hisi za binadamu, kioo ni uwezo wa kuwaza sura za vitu, na taa ni akili. Si mbali kumhusisha mwanachuoni huyo na Pate. Masharifu wenye asili ya Hadhramaut, ambao Sayyid Abdalla alikuwa mmoja wao, walifuata njia ya Alawiyya, na njia hiyo imevitukuza sana vitabu vya al-Ghazali.

Sasa na yatazamwe upya yale majumba. Mshairi anaeleza jinsi yalivyomulikwa kwa taa za kioo na za shaba hata usiku ukawa kama mchana. Kioo kipo, taa ipo. Madaka nayo yapo, safu kwa safu ukutani, kama yanavyoonekana hadi leo katika magofu ya mwambao. Lakini madaka haya yalipangwa sahani za kigeni, na baada ya wenyewe kuondoka wamelala humo makinda ya ndege. Vifaa vyote vya aya ya 35 vimo nyumbani, na kila kimoja kimetumiwa kwa pambo. Ikiwa shubaka ni hisi, basi hapa ni hisi zilizojazwa vyombo hata pasibaki pahali pa kuweka taa.

Kuna atakayepinga kwamba daka la Pate ni daka tu, na kwamba mshairi alieleza alichokiona. Ni kweli alikiona, na ndiyo maana ubeti una nguvu. Lakini sharifu aliyelelewa katika Kurani hawezi kutaja taa, kioo na kidaka pamoja asisikie mwangwi wa aya hiyo. Wala hadhira yake ya Pate haikuhitaji kuelezwa. Tafsiri ya Hichens ya 1939 iliuita utungo huu kuamka kwa nafsi, na ile ya Allen, iliyotoka Nairobi mwaka 1977, ikautaja kuwa mafunzo ya nafsi kwa maswali. Majina hayo yamelenga, ilhali madarasani bado hufundishwa historia ya mji.

Imebaki taabu moja. Utungo unakoma kwenye kutaja moto, tabaka baada ya tabaka, bila kuirudia nuru iliyoahidiwa mwanzoni. Wapo waliodhani kwamba haukumalizika. Dhana hiyo haina lazima. Ikiwa nuru ni ya Mungu peke yake, mtunzi hana taa ya kumpa msomaji. Awezalo ni kuziondoa zile sahani, na hilo amelifanya bila huruma, akianza na moyo wake mwenyewe.