Mikono Isiyotajwa katika Chapa ya Kasuku

Kitabu cha The Birds of America, kilichotolewa sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1827 na 1838, kina chapa 435, na ya 26 ni ya kasuku wa Carolina. Ndege saba wamesongamana juu ya mmea wenye matunda ya miiba. Vichwa vyao ni vya manjano, ila mmoja kichwa chake kingali cha kijani, maana hajapevuka. (Wamepangwa mno kwa ladha yangu, kama bidhaa mbele ya duka.)

Kwa uzuri wa chapa hii aghalabu husifiwa John James Audubon peke yake. Sifa hiyo ni nusu ya haki. Yeye aliichora picha ya asili kwa rangi ya maji, penseli na pasteli; kazi ya bamba ilikuwa ya Robert Havell mdogo, fundi wa London.

Mistari ya manyoya ilitiwa katika bamba la shaba nyekundu, mingine kwa kuchonga, mingine kwa asidi. Lakini mstari hautoi kivuli laini. Kivuli ni kazi ya akwatinti. Unga wa utomvu mkavu hunyunyizwa juu ya bamba na kupashwa moto hata ushike, kisha asidi huila shaba katika vinafasi vilivyo kati ya chembe. Panapotosha hufunikwa kwa vanishi, bamba hurudishwa katika asidi, na palipoachwa wazi huzidi kukolea. Bila punje hizo chini ya kijani cha mabawa, kasuku hawa wangekuwa bapa kama karatasi iliyokatwa.

Na rangi je? Bamba lilitoa wino mweusi tu. Kijani na manjano vilipakwa kwa brashi, nakala baada ya nakala, na watu wa kuajiriwa ambao majina yao hayamo chini ya chapa, ijapokuwa ya Audubon na Havell yamo. Uzito wao Audubon aliujua: mwaka 1827 wapaka rangi wa William Lizars, fundi wa Edinburgh aliyeanza mabamba kumi ya kwanza, waligoma, na kazi ikahamia kwa Havell.

Basi mhakiki anayeipima rangi ya Audubon kwa nakala moja huwa ameupima mkono wa mpaka rangi. Wala hawezi kuilinganisha na ndege aliye hai: kasuku wa mwisho aliyefugwa wa aina hii alikufa Cincinnati mwaka 1918.