Jibu Lisilosomwa: Maswali kwa Waziri Mkuu Bungeni

Wahakiki wetu wa fasihi simulizi wamezoea kuitafuta sanaa hiyo katika ngano, vitendawili, methali, majigambo na nyimbo za jando. Ni vyema. Lakini taifa lililokifanya Kiswahili kuwa lugha ya Bunge lake limejipatia jukwaa jingine la usemaji, ambalo kwa sehemu kubwa limeachiwa waandishi wa habari na wanasiasa peke yao. Nia ya makala haya ni kukitazama kipindi kimoja kifupi cha jukwaa hilo: ile nusu saa ya Alhamisi ambapo Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania husimama Bungeni, mjini Dodoma, na kujibu maswali ya papo kwa papo. Tutakitazama kwa macho yale yale ya fani na maudhui tunayoyatumia darasani, kwa kuwa hapa pana fanani, pana hadhira, pana kanuni za uwasilishaji, na pana jambo zito linalosemwa au kufichwa.

Kipindi hiki si cha kale. Kiliingizwa na Kanuni za Bunge za mwaka 2007, Samuel Sitta akiwa Spika, na kikazoeleka wakati wa uwaziri mkuu wa Mizengo Pinda, kati ya 2008 na 2015. Mfano wake ulitoka Uingereza, ambako maswali kwa Waziri Mkuu yalipangiwa siku maalumu mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Huko yaliulizwa Jumanne na Alhamisi kwa robo saa kila siku, mpaka Tony Blair alipoyaunganisha mwaka 1997 yakawa nusu saa ya Jumatano.

Ili mwanafunzi auone upya wa kipindi hiki, inafaa kwanza ausikie usemi wa maswali ya kawaida ya Bunge. Swali la kawaida hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizara hulijadili, watumishi huliandikia jibu, na Waziri au Naibu wake husimama akasoma: "Mheshimiwa Spika, napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo." Hii ni fomyula, sawasawa na "paukwa, pakawa" ya msimuliaji wa ngano. Ndani yake zimo fomyula nyingine ambazo kila msikilizaji wa redio anazifahamu: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, mchakato unaendelea, kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Wapo wanaozicheka. Mimi sizicheki zote, maana jibu lililoandikwa hubeba takwimu, na takwimu humfaa mwananchi anayengoja kisima. Hata hivyo, jibu la namna hiyo halina msemaji. Limeandikwa na ofisi, na lingeweza kusomwa na mtu yeyote.

Alhamisi karatasi hiyo huondolewa. Swali halitolewi taarifa mapema. Anayejibu hana budi kufikiri akiwa amesimama, mbele ya watu, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hapo ndipo fanani anapoonekana.

Kabla ya kumhukumu fanani huyo, yatupasa tujue ni nani anayejibu. Katika Uingereza, Waziri Mkuu ndiye mkuu wa Serikali. Anapoulizwa sababu ya uamuzi, anaulizwa mwenye uamuzi. Kwetu sivyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 33, inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi na pia Kiongozi wa Serikali. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Bunge, na chini ya Ibara ya 52 husimamia utekelezaji wa siku kwa siku wa kazi za Serikali na kuziongoza shughuli zake Bungeni. Wakuu wa Serikali waliopata kukaa katika Bunge letu kwa maana ile ya Kiingereza ni wawili tu: Julius Nyerere, tangu uhuru wa Desemba 1961 hadi alipojiuzulu Januari 1962, na Rashidi Kawawa, kuanzia hapo hadi Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Baada ya hapo mkuu wa Serikali alitoka katika chumba cha maswali, na hajarudi. Huja kulihutubia Bunge, wala haulizwi.

Kwa hiyo Waziri Mkuu wa Alhamisi anafanana na mshenga. Mshenga mzuri ana ulimi mwepesi, anajua adabu za nyumba zote mbili, na anaweza kulainisha neno gumu. Lakini akiulizwa swali la mwisho, hana la kusema ila kwamba atawarudia waliomtuma. Katika majibu mengi ya Alhamisi utaisikia sauti hiyo: jambo limepokelewa, litapelekwa, litafanyiwa kazi. Si haki kumlaumu mshenga kwa kuwa si bwana harusi. Ni haki kumwuliza kama amefikisha neno.

Sasa tuingie katika fani yenyewe. Mapokeo ya Kiswahili yanatupa mitindo miwili ya kujibizana, na mwalimu atafanya vyema kuiweka ubaoni pamoja. Wa kwanza ni malumbano ya washairi, yale ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa alishiriki mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama. Hapo swali lilikuwa fundo. Aliyeshindwa kulifungua aliaibika, na hakuna aliyejua mapema nani angeshinda. Wa pili ni ngonjera, alizoziendeleza Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, katika miaka ya 1960. Katika ngonjera mmoja huuliza kwa kutojua, mwenzake humfunza, na mwishoni wote wawili huafikiana. Mwisho wake umeandikwa kabla ya mwanzo. Ngonjera zilifanya kazi kubwa ya kueneza siasa ya Azimio la Arusha, na hapa hazidharauliwi. Lakini ni mtindo wa mafunzo.

Kosa kubwa la kipindi cha Alhamisi ni kugeuzwa ngonjera. Mbunge husimama, hutanguliza pongezi ndefu kwa Serikali sikivu, kisha huuliza kama Waziri Mkuu haoni kuwa ipo haja ya kuwaeleza wananchi mafanikio yaliyopatikana. Waziri Mkuu anaona haja hiyo. Hueleza, meza hupigwa, wote huafikiana. Wengine hugeukia barabara ya jimboni, ingawa Kanuni zinataka swali lihusu sera ya Serikali. Ugonjwa huu huzidi pale wapinzani wanapokuwa wachache: Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 halikuwa hata na Kiongozi rasmi wa Upinzani, ambaye katika Mabunge yaliyotangulia ndiye aliyekuwa akipewa nafasi ya kwanza ya kuuliza.

Pale malumbano yalipopatikana, tulisikia mambo ambayo karatasi isingeyasema kamwe. Nachukua mifano miwili, yote ya Mizengo Pinda, mwanasheria kwa elimu yake.

Mwezi wa Januari 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yameitia nchi fedheha na hofu, Waziri Mkuu akiwa ziarani mikoani alitamka kwamba anayekutwa akiua naye auawe. Mwishoni mwa mwezi huo aliulizwa Bungeni juu ya kauli hiyo. Akieleza uchungu wa mauaji yale, alilia mbele ya wabunge. Waliosema machozi hayo yalikuwa maigizo, nadhani walikosea. Hakuna dalili ya usanii katika kulia kwa namna ile. Lakini mhakiki hapaswi kuishia kwenye machozi. Swali lilikuwa la sheria: je, kiongozi wa Serikali anaweza kuwaruhusu raia kuua bila hukumu ya mahakama? Machozi yalilijibu swali jingine, la kama anawahurumia waliouawa, ambalo hakuna aliyekuwa na shaka nalo. Hadhira iliguswa, na fundo likabaki halijafunguliwa.

Mfano wa pili ni wa Juni 2013, mwaka wa ghasia za Mtwara kuhusu bomba la gesi. Alipoulizwa juu ya nguvu za vyombo vya dola, Waziri Mkuu alisema kwamba anayekaidi amri "utapigwa tu", na kwamba "tumechoka". Maneno hayo yalizungumzwa nchi nzima, lakini zaidi kama kashfa, mara chache kama lugha. Tuyatazame. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa: anayepigwa anatajwa, anayepiga hatajwi. Kile kielezi "tu" cha mwishoni kinafunga mlango wa njia nyingine yoyote, hata ile ya kumkamata mtu na kumfikisha mahakamani. Na katika "tumechoka", nani amechoka? Ni Serikali, ni wabunge, au ni wananchi wote pamoja na wale watakaopigwa? Nafsi ya wingi inawakusanya watu ambao hawakuulizwa. Asasi ya haki za binadamu pamoja na chama cha wanasheria walifungua kesi Mahakama Kuu, na kinga ya uhuru wa majadiliano Bungeni iliyomo katika Ibara ya 100 ikawa sehemu ya ubishani. Mwaka 2014 kesi hiyo ikatupwa.

Wapo watakaosema mifano hii inathibitisha ubaya wa maswali ya papo kwa papo, kwamba kiongozi anateleza ulimi na nchi inayumba. Sikubaliani nao. Maneno yale hayakuzaliwa na swali. Swali liliyatoa nje tu. Kama fikra ya kupiga bila kushtaki ilikuwamo katika Serikali, afadhali raia waisikie Alhamisi asubuhi kuliko kuijua barabarani. Kwa sababu hiyo uamuzi uliotangazwa Januari 2016, wa televisheni ya taifa kuacha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge kwa hoja ya gharama, haukuwa jambo dogo la mitambo. Fanani asiye na hadhira husema kwa namna nyingine.

Mwalimu anayetaka kulifanyia kazi somo hili anazo Taarifa Rasmi zenyewe, ambazo jalada lake huandikwa "Majadiliano ya Bunge". Achague kikao kimoja cha Alhamisi, wanafunzi wakisome kwa sauti, mmoja Spika, mmoja Waziri Mkuu. Wapime urefu wa swali dhidi ya urefu wa jibu; waweke alama pale jibu linapoliacha swali. Wataona kuwa swali fupi, lenye jambo moja, ndilo gumu zaidi kulikwepa, na kwamba maswali ya namna hiyo ni machache. Wataona pia mabano ambayo mwandishi wa Taarifa Rasmi huyatia katikati ya hotuba, (Makofi) na (Kicheko). Wajiulize kila mara makofi hayo yanafuata nini: jibu, au utani uliotangulia jibu ambalo halikuja.