Slaidi ya kwanza ya Nyiragongo

Mwanafunzi wa udaktari anayetaka kujifunza kuwasilisha utafiti mbele ya watu hana haja ya kwenda mbali na Goma. Aichukue makala ya mwaka 2022 katika jarida la Nature, iliyoandikwa na Delphine Smittarello na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kuhusu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, na atazame mpangilio wa muhtasari wake. Historia ya mlima haitangulizwi, ingawa milipuko ya 1977 na 2002 ingejaza slaidi kadhaa bila taabu. Kinachotangulia ni mazoea ya wataalamu: magma hupanda, shinikizo huongezeka, na vifaa huweza kunasa dalili kabla mlima haujafunguka. Mara moja mazoea hayo yanavunjwa. Nyiragongo ilimwaga lava kwa takriban saa sita bila dalili za awali zilizoonekana, na magma ikasafiri kwa ubavu chini ya ardhi baadaye. Ndipo dai linakuja: yaelekea sana mwili wa mlima wenyewe ulipasuka. Msikilizaji aliyefikishwa hapo tayari ana swali kichwani, na kila grafu ya matetemeko atakayoonyeshwa ataipokea kama jibu.

Utetezi mwingi wa tasnifu huenda kinyume. Muktadha, tatizo, dhana-tete, malengo, eneo la utafiti, mbinu. Matokeo yanafika dakika zikiwa zimeyoyoma, chini ya kichwa “Matokeo”, ambacho hakisemi lolote. Michael Alley, Mmarekani aliyechapisha kitabu juu ya ufundi huu mwaka 2003, anataka kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili yenye dai, na chini yake picha ya kulithibitisha. Kwa mlima wetu, “Magma ilisafiri baada ya lava kumwagika” ingetosha, pamoja na mchoro mmoja wa saa na siku.

Watasema juri hudai mbinu. Ni kweli, lakini juri imekwisha kuisoma tasnifu, na mbinu hueleweka vizuri zaidi ikijulikana inatetea dai gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ufupisho hupotosha, hasa mbele ya wananchi. Lakini ufupisho unaweza kufanywa bila kupotosha: tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame. Tangazo lake lilisema magma iko wapi (chini ya mji, ikienea hadi chini ya Ziwa Kivu), kwamba mlipuko mwingine haukuweza kuondolewa katika hesabu, na kwamba ungeweza kuja kwa onyo dogo au bila onyo. Mlipuko huo haukutokea, na aliyekimbilia Sake akalala huko na watoto ana haki ya kuuliza kwa nini alihamishwa. Hata hivyo makala ile inaonyesha mpenyo wa magma wa kilomita 25 uliopita chini ya Goma na Gisenyi, kwenye kina kisichofika mita 500. Tangazo lilipunguza maelezo ya vipimo, ila shaka liliibakiza. Mwanafunzi naye akate hivyo hivyo: “yaelekea sana” ibaki ndani ya sentensi ya dai, na hesabu za rada za satelaiti ziwekwe nyuma ya slaidi ya mwisho, zisubiri maswali ya juri.