Waliuliza Kabla ya Kuandika, Sisi Tukaandika Bila Kuuliza

Ukiyaweka mezani unaona haraka kwamba ni kazi moja yenye matoleo mawili. La kwanza ni Rasimu ya Pili ya Katiba, ambayo Tume ya Jaji Joseph Warioba iliikabidhi Desemba 30, 2013. La pili ni Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma Oktoba 2, 2014. Najua wapo watakaoguna: hapa ni kwenye fasihi, siasa ipelekwe kwao. Lakini haya ni maandishi ya Kiswahili, yamejadiliwa kwa Kiswahili, na ugomvi wake mkubwa ulikuwa wa maneno. Kama sisi tunaojiita wasomaji hatuyasomi, nani atayasoma?

Tukumbushane kidogo. Bunge Maalum lilianza Februari 2014. Rasimu ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Machi 18 Warioba aliiwasilisha, na Machi 21 Rais Kikwete akahutubia, akaonyesha wazi mashaka yake juu ya serikali tatu. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA wakatoka ukumbini. Waliobaki wakaendelea bila wao, wakarudisha muundo wa serikali mbili, wakapiga kura. Wananchi wangeulizwa Aprili 30, 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaahirisha kwa kuwa uandikishaji wa wapigakura ulikuwa haujakamilika. Mpaka leo kura hiyo haijapigwa.

Mimi nayasoma haya nikiwa Tunduma, mji ambao wakati ule ulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe tulipewa mwaka 2016. Jimbo letu la wakati huo lilikuwa na mbunge wa CHADEMA, na chama hicho kilikuwa sehemu ya UKAWA. Kwa hiyo toleo la pili lilikamilishwa wakati chama tulichokichagua sisi kiko nje ya mlango. Simlaumu aliyetoka wala aliyebaki. Nasema tu kwamba msomaji wa huku ana haki ya kuliuliza toleo hilo: sauti yangu iko ukurasa gani?

Tuanze na neno lililozua yote. Rasimu inaitaja nchi yetu kuwa ni shirikisho, na inalirudisha jina la Tanganyika. Neno hilo lina historia hapa mpakani. Kabla ya 1964 ng'ambo ya pili iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, huku kwetu Tanganyika. Wazee wanalikumbuka kama jina la nchi; kijana wa leo ukimtajia anawaza ziwa. Rasimu inamwita Tanganyika jukwaani, halafu inamwacha amesimama kimya. Inampa serikali, lakini hiyo serikali itakuwaje, hilo limeachiwa katiba nyingine ambayo ilikuwa bado kuandikwa. Mambo ya Muungano yanapunguzwa kutoka 22 hadi 7, uraia na uhamiaji yakiwemo. Sawa, afisa anayegonga muhuri kwenye pasipoti yangu namjua atakuwa wa nani. Wengine wengi wanaonihudumia hapa mjini wangekuwa chini ya mhusika ambaye sijamsikia akisema hata neno moja. Huo ni udhaifu wa utunzi, na waliokuwa na wasiwasi juu ya serikali tatu hawakuwa wajinga.

Sasa geukia toleo la pili. Linafahamu watu wake kwa majina ya kazi zao: mkulima, mfugaji, mvuvi, mchimbaji mdogo, msanii. Limeongeza sura ya ardhi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akilifungua anajiona, na hilo si jambo dogo. Lakini tazama lilivyozigusa tunu za Taifa. Katika Rasimu, uadilifu, uwazi na uwajibikaji zilikuwa tunu, zimekaa pamoja na utu na uzalendo. Katika toleo la pili hazimo tena kwenye orodha hiyo. Zimehamia kwenye misingi ya utawala bora. Mtu anaweza kusema, aa, si zipo tu, zimehama chumba. Kwa mpenzi wa lugha hazijahama chumba, zimebadilika zenyewe. Tunu ni kitu cha thamani unachokilinda hata nyumba ikiungua. Utawala bora ni neno la warsha na semina. Mwalimu yeyote wa ushairi angekwambia kwamba ukibadilisha nafasi ya neno umebadilisha maana yake.

Mkwamo ukimalizwa vipi? Hapa Tunduma nimeyasikia majibu yote, kwenye foleni ya malori, kwa wabadilisha fedha, kwenye vijiwe vya kahawa. Wa kwanza anasema Katiba Inayopendekezwa ipo, ina baraka za Bunge, ipelekwe kwa wananchi yaishe. Wa pili anasema hapana, turudi kwenye Rasimu ya Warioba, ndiyo yenye maoni ya watu. Wa tatu anasema zote zimechacha, tuanze upya. Na yupo wa nne, ambaye hucheka: "Kwani katiba ndo itanilipia ushuru, kaka?" Mwaka 2022 Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mchakato ufufuliwe, na vijiwe vikaanza tena palepale.

Ninachokiona kwa hao watatu wa mwanzo ni kosa moja la usomaji. Kila mmoja ameshika toleo moja, au hakushika lolote, na anataka swali la ndiyo au hapana. Lakini ndiyo na hapana haziwezi kuhariri. Anayependa ardhi ya toleo la pili na tunu za toleo la kwanza atapiga kura gani?

Waingereza wametuonyesha swali la namna hiyo linavyoweza kuwatesa watu. Juni 23, 2016 waliulizwa kubaki Umoja wa Ulaya au kutoka, na asilimia 52 wakasema kutoka. Kutoka vipi? Hakuna maandishi yoyote waliyokuwa wameyasoma. Yalipoandikwa, Bunge lao likayakataa mara tatu mwanzoni mwa 2019. Wengine wakataka kura ya pili, wengine watoke bila mkataba, wengine uchaguzi mpya. Fundo gumu kuliko yote likawa mpaka wa Ireland, jambo ambalo mtu wa Tunduma analielewa bila kufundishwa, maana Wanyamwanga wapo huku na wapo Zambia. Scotland na Ireland ya Kaskazini walipiga kura ya kubaki, wakatolewa na wenzao tarehe 31 Januari 2020.

Sheria yetu ya kura ya maoni ilikuwa na busara ambayo Waingereza hawakuwa nayo: ilidai zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake. Na maandishi tulikuwa nayo, tena mara mbili. Wao waliuliza kabla ya kuandika. Sisi tukaandika, tukagombana, kisha tukanyamaza.

Shaaban Robert aliliona hili mapema. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa pande zote, wanarudi na walichokiona, na malipo yao ni kifungo. Tume yetu haikufungwa, ingawa Novemba 2, 2014 mdahalo jijini Dar es Salaam ulivunjika kwa vurugu Warioba akizungumza. Lakini mle kitabuni kuna jambo ambalo wengi wetu tunalisahau: Karama anapewa siku sita za kujieleza, na mfalme anakaa, anasikiliza mpaka mwisho. Wafungwa wanapata uhuru kwa sababu mtu alisomewa kesi nzima.

Rai yangu ni ya mhariri. Matoleo yote mawili yachapwe katika kitabu kimoja, kurasa zikitazamana, kiuzwe bei ya daftari. Palipo na fundo, muundo wa Muungano, tunu, ardhi, wananchi waulizwe fundo hilo kwa jina lake, kila upande wa Muungano ukihesabiwa peke yake. Itachukua muda, ndiyo. Umeshapita zaidi ya mwongo mmoja bila kufanya lolote.

Wakati tunasubiri, wapenzi wasomaji, tafuteni maandishi haya mawili, anzeni na orodha za tunu, mziweke pembeni kwa pembeni. Halafu tubishane, lakini kwa kunukuu.