Wastani na Kati: Istilahi Mbili Zisichanganywe
Mwalimu wa programu za takwimu alitumiaye neno wastani kwa dhana mbili humpoteza mwanafunzi, ijapokuwa asili yake ya Kiarabu yadokeza katikati. Tuchukue wafuga nyuki watano wa Tabora waliovuna madebe 1, 2, 2, 2 na 8 ya asali. Jumla ikigawanywa, wastani ni 3. Lakini thamani ya kati ni 2. Programu ya R huzitenga kwa amri mbili. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, frasila ilipima uzito na pishi ujazo. Kuzichanganya ni kujitafutia hasara. Vivyo hivyo, mpangaji mipango atakayeshika 3 pekee atawasahau wafugaji wanne. Twapendekeza basi kila dhana ipewe neno lake: wastani, na kati.