Kasoro ya Istilahi "Kikinza cha Nguvu"

Miongoni mwa istilahi za ufundi wa umeme zinazokutwa katika tafsiri na katika hati za ununuzi, imo kikinza cha nguvu. Kwa sarufi haina dosari. Mzizi wake, kinza, ni wa Kiswahili, nao ndio uliozaa ukinzani, neno lililokwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa sarufi peke yake. Hupimwa pia kwa kazi inayofanya pale inapotumwa mbali na mtu aliyeitamka. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hii humpoteza yule yule inayopaswa kumwongoza.

Tuchukulie mfano wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Amplifaya ya mikutano ya hadhara imenyamaza. Fundi anaifungua na kukuta kikinza kimoja cheupe cha kauri kimepasuka, na maandishi yake yameungua. Dukani jirani hakipo. Fundi anamwandikia karani, karani anajaza fomu, fomu inakwenda Tabora mjini, na kutoka huko pengine Dar es Salaam. Muuzaji hana kifaa cha kulinganisha. Ana maneno tu. Ikiwa fomu imeandikwa "kikinza cha nguvu, kimoja", atauza nini?

Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kueleza kwanza kifaa chenyewe. Kila kikinza kina vipimo viwili vikuu. Cha kwanza ni omu, yaani kadiri kinavyoukinza mkondo wa umeme. Cha pili ni wati, yaani kadiri ya joto kinachoweza kulitoa bila kuungua. Vikinza vinavyoandamana na transista kubwa za amplifaya mara nyingi huwa vya omu 0.22, 0.33 au 0.47, na vya wati 5. Kazi yake ni kuzifanya transista zigawane mzigo kwa usawa na kuzizuia zisielemewe na joto. Mkondo wa ampea 4 ukipita katika omu 0.22, joto linalozaliwa ni wati 3.52. Kikinza cha wati 5 kitalistahimili, lakini cha robo wati, chenye omu zile zile, kitateketea.

Hapa ndipo kasoro ya istilahi inapodhihirika. Nguvu ni neno pana mno katika Kiswahili. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu. Msomaji asiye fundi akiona "kikinza cha nguvu" atafahamu kuwa ni kifaa kinachokinza kwa nguvu, yaani chenye omu nyingi. Ukweli ni kinyume chake: ukinzani wa kifaa hiki ni mdogo sana, na kilicho kikubwa ni ustahimilivu wake. Kosa hili lina gharama. Kifaa kilichoandikwa 0R22 ni cha omu 0.22, kwa kuwa herufi R hushika nafasi ya nukta, na kilichoandikwa 22R ni cha omu 22. Vyote viwili huweza kuwa vya wati 5, vyeupe, vya umbo moja. Atakayeleta cha pili akidhani kina "nguvu" zaidi ataileta amplifaya isiyofanya kazi ipasavyo, na fedha ya umma itakuwa imekwisha kutumika.

Zipo istilahi nyingine zinazopendekezwa, nazo hazikosi walakini. Kikinza kikubwa hakisemi ukubwa wa nini. Kikinza joto ni kibaya zaidi, kwani kinadai kwamba kinachokinzwa ni joto, si umeme. Rezista, neno la karakana, halina kosa la maana, wala hatuoni sababu ya kuwakataza mafundi wasilitumie. Lakini nalo, likisimama peke yake, halitaji wati.

Unyanyembe ya zamani ina la kutufundisha katika jambo hili. Katika njia ya misafara iliyopita Tabora, bidhaa haikutajwa bila kipimo chake. Nguo zilihesabiwa kwa shuka na doti, na pembe za ndovu kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi. Mfanyabiashara wa pwani aliyeagiziwa nguo hakuambiwa "nguo imara". Aliambiwa aina na idadi ya doti. Majina mengi yalikuwa ya kigeni, lakini agizo lilieleweka mwisho wa safari kwa sababu jina na kipimo vilisafiri pamoja.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kikinza cha wati nyingi. Haina mapambo, lakini inataja sifa inayokitenga kifaa hiki na vikinza vingine, na kinyume chake, kikinza cha wati chache, kinapatikana bila kuunda neno jipya. Katika hati za ununuzi kanuni iwe kuandika mambo manne: jina, omu, wati na aina. Mfano: "Kikinza cha waya chenye gamba la kauri, omu 0.22, wati 5." Fundi anaweza kuongeza kwamba wati zikizidi hapana dhara iwapo nafasi inatosha, lakini omu zisibadilishwe. Aweza pia kueleza kwamba viwili vya omu 0.47 vikiungwa sambamba hutoa omu 0.235, kadiri inayokaribia ile inayotakiwa. Maelezo ya namna hii hayawezekani pale ambapo omu na wati zote zimefunikwa na neno nguvu.

Walimu wa ufundi na wafasiri ndio watakaoamua kama pendekezo hili litaishi. Tunawaomba walijaribu katika fomu halisi na mbele ya wauzaji halisi. Istilahi itakayomwezesha karani wa Isikizya kuletewa kifaa sahihi kwa safari moja ndiyo inayostahili kusanifiwa, hata ikiwa si hii yetu.